Mchekeshaji Arudipo Jukwaani

Wengi hudhani kwamba kuchekesha watu ni kipaji, na kipaji hakisahauliki. Nami nilidhani hivyo. Sasa nina umri wa miaka 19, na nimekwisha kufundishwa kwa aibu kwamba sivyo.

Nilipokuwa darasa la kumi, nilikuwa mchekeshaji wa shule. Kisha baba akaugua, nikaenda Kashikishi kumsaidia mjomba wangu kazi ya uvuvi. Nilikaa huko miaka miwili. Usiku tulivua chisense kwa taa. Mchana nilishona nyavu, na Kiswahili changu kikaongezeka kwa kuzungumza na wachuuzi watokao ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo.

Niliporudi shuleni, niliombwa kupanda jukwaani tena. Nilikubali upesi. Nikatoa mzaha wangu wa zamani, wa mpishi aliyegawa maharagwe kwa kuyahesabu moja moja. Zamani mzaha huo ulivumisha ukumbi mzima. Safari hii palikuwa kimya, hata nikasikia mbu. Kijana mmoja wa mstari wa mbele akamwuliza mwenzake, "Mpishi gani?" Kumbe mpishi yule alikwisha kustaafu, na vijana wengi hawakumwona kamwe. Nikaharakisha maneno, nikayameza ya mwisho, nikashuka. Usiku ule niliazimia nisipande tena.

Baadaye nilitafakari jambo hili, nikaona kuna mafunzo matatu.

Kwanza, kicheko kina wakati wake, na wakati huo hujulikana mbele ya watu tu. Tazameni Uganda. Mwezi wa Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, serikali ilifunga shule na kukataza mikusanyiko mikubwa. Shule zilifunguliwa tena 10 Januari 2022, na maonyesho ya usiku yakaruhusiwa 24 Januari. Basi wachekeshaji wa Kampala walikaa karibu miaka miwili bila usiku wao wa ukumbi uliojaa. Mtu aweza kusema mbele ya kamera ya simu, lakini kamera haicheki, wala haikuambii sasa nyamaza, sasa endelea. Mimi nilisahau kunyamaza.

Pili, mzaha hutaka mtu anayejulikana na wasikilizaji. Kwetu ukoo wa Mamba na ukoo wa Samaki ni watani, kwa kuwa mamba hula samaki. Kila mmoja amjua mwenzake, ndiyo maana utani wao hauchakai. Tena mtaalamu J. Clyde Mitchell, katika kitabu chake cha mwaka 1956, alieleza ngoma ya Kalela huko Luanshya. Wachezaji wake walikuwa Wabisa waliotoka mbali na mji ule, lakini nyimbo zao zilitania makabila waliyokutana nayo mjini na mambo ya mjini. Hawakuwachekesha wageni kwa habari za nyumbani tu.

Tatu, arudiye aanze kidogo. Funzo hili alinipa mjomba. Kila mwaka uvuvi wa Ziwa Mweru hufungwa tangu 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Nilipomweleza aibu yangu, alisema, "Mpwa wangu, mtumbwi wa mbao uliokaa juu miezi mitatu hukauka, ukapata nyufa. Huupeleki kilindini siku ya kwanza. Waushusha ukingoni, mbao zinywe maji, nyufa zizibike. Ndipo uende."

Nikarudi bwenini, nikaanza na vijana watano tu. Mzaha uliokufa niliutupa. Uliocheka nao niliushika. Mwisho wa muhula nilipanda tena, nikajitania mwenyewe: "Kwa miezi mitatu serikali humpumzisha samaki wa Mweru. Mimi mjomba hakunipumzisha hata siku moja. Laiti ningalizaliwa na mapezi!" Nikanyamaza. Nikahesabu moja, mbili. Ndipo kicheko kikaja, kwanza nyuma walipokaa watoto wa wavuvi, kisha ukumbi mzima.

Hakikuwa kikubwa kama cha zamani. Lakini baada ya michezo kijana mmoja alinifuata gizani. Alisema kaka yake ameacha masomo mwaka wa pili sasa, na aona haya kurudi kukaa na wadogo. Je, aweza kumwambia habari yangu? Nikamwambia amwambie yote, na ile ya mpishi pia.

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Basi ndugu yangu uliyeacha jambo ulilolipenda, rudi; lakini ushushe mtumbwi ukingoni kwanza.