Mihogo michungu haijui haraka ya Pasaka

Pasaka inakaribia na wageni wa jamaa watakuja. Ni wakati huu haraka inaingia jikoni: mihogo michungu inatolewa majini kisha siku moja tu. Tusifanye vile. Iko na sumu yenye kuitwa sianidi. Ikibakia ndani ya unga, inaleta kuumwa kichwa na kutapika. Wenye kuila kwa majuma mengi bila maharagwe, samaki ao nyama, zaidi sana watoto na wamama, wanaweza kupata konzo: miguu inapooza kwa ghafula, na haiponi.

Tufanye hivi:

1. Mihogo iliyomenywa ilale majini siku 3, mpaka ilainike. Kisha tuianike juani ikauke kabisa. Basi tuhesabu siku mbele ya sikukuu.

2. Unga wa soko, kama hatujui ulitengenezwa namna gani, tuulowanishe, tuutandaze mwembamba, usipite sentimeta 1. Tuuache saa 2 juani ao saa 5 kivulini, tuusonge siku ileile.

3. Sombe tuitwange vizuri, tuichemshe bila kufunika chungu.

Mihogo isipokuwa tayari, tupike ndizi ao viazi. Mgeni hatakasirika.