Kamera Inayotumikia Mwizi

Wandugu, wengi wanauliza: "Kamera yangu ya Kimanga, nani ataitaka?" Mwizi hatafuti picha zako, anatafuta kibarua. Mwaka 2016 programu mbaya, Mirai, ilijaribu majina na namba za siri 60 hivi za kiwandani, sawa "admin" na "1234", ikaingia kamera na ruta nyingi sana. Kamera iliendelea kutazama mlango. Mwenyewe hakujua kitu. Mwaka ule Mwingereza Daniel Kaye alituma kamera kama hizo zigonge zote pamoja kampuni ya simu ya Lonestar, Liberia, mpaka intaneti ikalemewa. Mwaka 2019 korti ya Uingereza ilimfunga miezi 32.

Mirai inakaa katika kumbukumbu ya muda tu. Umeme ukikatika, inafutika (kumbe giza letu la Uvira lina faida!). Lakini umeme ukirudi na namba ni ile ya kiwandani, inaweza kuingia tena kwa dakika chache.