SOMO LA AKINA MAMA: MAMBO YA KUPATANA KABLA MTOTO HAJAZALIWA

Mama anapokaribia kujifungua nyumba nzima huanza kutafuta vitu: kanga laini zilizokwisha kufuliwa na kuanikwa juani, nepi, beseni, sabuni. Ni vema. Na fedha ya gari iwekwe kando mapema, maana uchungu hauchagui saa. Lakini sisi wa Umoja wa Mama, kila tuendapo kumtazama mzazi, twaona kwamba mara nyingi shida haitokani na vitu vilivyopungua. Yatokana na maneno ambayo hayakusemwa: nani atatazama kitovu, na kama bibi akisema hivi na mkunga akisema vile, nani atasikilizwa?

Tuliwahi kufika kwa mzazi mmoja, mtoto ana siku nne. Kitovu kimepakwa majivu, na kando ya kitanda pana kikombe cha maji ya sukari. Binti yule alikuwa amefundishwa yote kliniki, tena aliyajua vizuri. Lakini ni mgeni katika nyumba ya mumewe, na mtoto yumo mikononi mwa mama mkwe, angesemaje? Akanyamaza. Ngozi kuzunguka kitovu ilikuwa nyekundu na mtoto hataki titi. Alipelekwa hospitali siku ile ile, akapona. Wako wengine ambao tulifika kwao kwa mazishi.

Basi tueleze sababu, kwa kuwa mtu mzima haachi desturi yake kwa kukatazwa tu. Kitovu kilichokatwa ni kidonda. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na katika mavi ya wanyama, na mbegu zake hustahimili jua na ukavu kwa miaka mingi. Mtoto aliyepatwa huzaliwa mzima, hunyonya vizuri siku mbili za kwanza, kisha taya hukaza na mwili hukakamaa kila aguswapo. Wengi waliita dege, wakamkimbilia mganga. Mwaka 2012 Tanzania ilihesabiwa miongoni mwa nchi zilizofaulu kuupunguza sana ugonjwa huu kwa wazazi na watoto wachanga, na sindano wanazopewa wajawazito kliniki zimefanya kazi kubwa, kwa maana kinga ya mama humfikia mtoto tumboni. Lakini udongo ni ule ule. Kwa hiyo kitovu kiachwe kikavu, nepi ifungwe chini yake, wala kisipakwe majivu, mafuta wala mate, ila dawa aliyoitoa mkunga ikiwapo. Kwa kawaida huanguka chenyewe katika wiki ya kwanza au ya pili.

Jambo la pili ni maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano. Wako wanaoyakamua na kuyamwaga wakisema ni machafu. Hasara iliyoje! Hayo ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Huwa machache, vijiko vichache vya chai kwa siku, na tumbo la mtoto nalo ni dogo vivyo hivyo. Awekwe kifuani ndani ya saa ya kwanza, kisha anyonye mara 8 hadi 12 mchana na usiku. Maji hahitaji, hata wakati wa joto kali, mpaka atimize miezi 6. Kila kijiko cha maji humpunguzia hamu ya titi, na maziwa hutengenezwa kwa kadiri mtoto anavyonyonya.

Hatusemi haya ili kuwadharau bibi zetu. Katika habari ya joto wao walikuwa mbele. Mwaka 1978, huko Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey alianza kuwafunga watoto njiti vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa kuwa vyombo vya kuwatia joto havikutosha. Leo hospitali nyingi duniani hufanya hivyo. Bibi anayemkumbatia mjukuu ndani ya kanga hakuhitaji kungoja habari hiyo. Aombwe tu asiharakishe kumwogesha: zipite kwanza saa 24.

Na ninyi akina baba, msilifungue gazeti hili kwenye ukurasa wa michango peke yake. Mtoto akikataa titi, akipumua mbio (pumzi 60 au zaidi kwa dakika moja akiwa ametulia), akiwa wa moto au wa baridi, akishtuka-shtuka, viganja na nyayo zikiwa za manjano, au kitovu kikitoa usaha, ni kwenda hospitali saa ile ile, hata usiku. Asingojwe baba arudi safari ndipo itoke ruhusa.

Tunashauri hivi: mwezi wa nane, mjamzito asiende kliniki peke yake. Amwambie mama mkwe, "Mama, naomba twende wote, umsikie mkunga mwenyewe." Mama mkwe akiisikia habari ya kitovu kwa mkunga, hataiona kuwa ni ujuvi wa mkwe wake. Na kama ni vigumu kumwambia, mje kwetu baada ya ibada. Tutakwenda kumwamkia na kuzungumza naye, watu wazima kwa watu wazima.

Mwezi ujao tutaeleza kuogesha na chanjo.