Orodha Mkononi: Balagha ya Hotuba ya McCarthy Mjini Wheeling, 1950

Wachanganuzi wa usemi wa kisiasa aghalabu huyashughulikia maneno ya msemaji na kuwasahau waliokaa mbele yake. Hotuba aliyoitoa Seneta Joseph McCarthy wa Wisconsin tarehe 9 Februari 1950 haieleweki kwa njia hiyo. McCarthy alikuwa mhafidhina wa Chama cha Republican, na wenyeji wake mjini Wheeling, jimbo la West Virginia, walikuwa klabu ya wanawake wa chama hicho. Hafla yenyewe ilikuwa mojawapo ya dhifa za Lincoln, ambazo chama huandaa kila mwaka karibu na tarehe 12 Februari, siku aliyozaliwa Abraham Lincoln, ili kuchangisha fedha na kuamsha ari ya wafuasi. Anayeifahamu harambee ya Kenya ataitambua hali hiyo, ingawa hapa kinachochangiwa ni chama, si shule wala zahanati. Hadhira ya namna hii imekwisha kukubaliana na mgeni kabla hajafungua kinywa.

Kwa mujibu wa gazeti la Wheeling Intelligencer la siku iliyofuata, seneta alisema kwamba mkononi mwake alikuwa na orodha ya watu 205 ambao Waziri wa Mambo ya Nje alijua kuwa ni wanachama wa Chama cha Kikomunisti, na ambao bado walikuwa wakifanya kazi wizarani.

Nguvu ya dai hilo haimo katika neno "wakomunisti". Mwezi mmoja tu kabla, Alger Hiss, aliyewahi kuwa afisa wa wizara hiyo, alikuwa amehukumiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo. Hofu ilikuwapo tayari. Nguvu imo katika mkono. Msemaji anaposema "hii hapa", kiashiria humtaka msikilizaji atazame, na anayetazama karatasi huhisi amekwisha kuusoma ushahidi. Orodha ya majina 205 haikuonyeshwa hadharani kamwe.

Idadi yenyewe ilikuwa na asili nyingine kabisa. Mwaka 1946 Waziri James Byrnes alimwandikia mbunge mmoja kwamba uchunguzi ulikuwa umependekeza watumishi 284 wasiajiriwe kwa kudumu, na kwamba 79 kati yao walikuwa wameachishwa kazi. Ukitoa 79 katika 284 unapata 205. Barua haikusema kwamba hao wote walikuwa wakomunisti, na haikutaja jina hata moja. Hesabu ya miaka minne nyuma iligeuzwa kuwa watu walio hai, wanaoketi ofisini leo.

Dai lilipotoka ukumbini, idadi ilibadilika. Tarehe 11 Februari, katika simu ya maandishi kwa Rais Truman, ilikuwa 57. Tarehe 20, mbele ya maseneta waliokuwa na haki ya kuuliza, McCarthy alizungumzia kesi 81. Siku hiyo pia aliisoma hotuba ya Wheeling iingie katika kumbukumbu za Seneti, na humo watu ni 57 wanaoonekana ama kuwa wanachama wenye kadi au kuwa watiifu kwa chama hicho. Wanafunzi wa sarufi wakitazame kiunganishi hicho: kadi ya uanachama huweza kuthibitishwa, lakini utiifu ni jambo la moyoni. Upande wa pili wa "au" ndio uliobeba mzigo wote, na katika miaka iliyofuata watu wengi walipoteza kazi kwa tuhuma za aina hiyo.

Seneti ilimkaripia rasmi McCarthy tarehe 2 Desemba 1954, kwa kura 67 dhidi ya 22. Kwa mtafiti wa lugha, hata hivyo, tatizo la matini limebaki. Kituo cha redio cha WWVA kiliirekodi hotuba ile, kisha ukanda ukafutwa. Matini inayochapishwa mara nyingi katika vitabu vya masomo ni ile ya tarehe 20 Februari, aliyoiwasilisha msemaji mwenyewe.