Kazi ya Mkusanyaji wa Hadithi

Swali: Bwana Mhariri, mkusanyaji wa hadithi za kisayansi na za ajabu hutenda kazi gani, ilhali kila hadithi imetungwa na mtu mwingine?

Jibu: Kazi yake, ndugu msomaji, aghalabu ni kusoma, na kusoma kwingi kuliko watu wadhanivyo. Mmarekani Gardner Dozois, aliyeanza mwaka 1984 kutoa kila mwaka kitabu cha hadithi bora za kisayansi, na asikome mpaka alipofariki mwaka 2018 hali ametimiza juzuu 35, alipitia majarida na vitabu tele ili ateue hadithi chache. Wala hakuridhika na kuzichapisha tu, bali alizitangulizia makala ndefu juu ya hali ya fani kwa mwaka mzima, na mwishoni akazitaja nyingine zilizostahili sifa ingawa zilikosa nafasi. Baada ya uteuzi hufuata idhini, mikataba na ujira wa watungaji.

Lakini fadhila iliyo kubwa, kwa rai yangu, ni kufufua kilichosahauliwa. Mkusanyaji mwingine, Sheree R. Thomas, katika mkusanyo wake Dark Matter wa mwaka 2000, aliirejesha mbele ya wasomaji hadithi ya mwandishi Mmarekani mweusi W. E. B. Du Bois ya mwaka 1920, ihusuyo nyota yenye mkia iliyowaangamiza watu wa New York, akaiweka pamoja na kazi za waandishi weusi wenzake Octavia Butler na Samuel Delany, hata ikadhihirika kwamba Wamarekani weusi walikuwamo katika fani hii tangu zamani.