Nyumba ni Yako, Kiwanja ni cha Mwingine: Haki za Anayeambiwa Ahame



Miongoni mwa mashauri yanayoletwa vituoni, lipo moja ambalo mara nyingi huja likiwa limekwisha kuwaka moto: shauri la mtu aliyesimamisha nyumba yake juu ya ardhi ya mwenziwe. Mbao ni zake, mabati ni yake, mlango aliununua mwenyewe sokoni. Lakini kiwanja hukilipia kodi kila mwezi. Siku anapoambiwa aondoke, husema nyumba ni yake. Mwenye kiwanja naye hujibu kwamba ardhi ni yake. Wote wawili husema kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Jambo hili si geni kwa Waswahili. Mjini Mombasa, katika mitaa kama Majengo, Kisauni na Likoni, tangu zamani watu wamemiliki nyumba bila ardhi. Mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja, na nyumba aweza kuiuza au kuirithisha wanawe, ijapokuwa hana hati ya udongo ulio chini yake. Kwa miaka mingi wengi walifukuzwa kwa neno la mdomo tu. Ndipo Kenya, katika Sheria ya Ardhi ya 2012 iliyorekebishwa 2016, ikaweka kwamba hata aliyekalia ardhi ya mtu bila idhini apewe ilani ya maandishi ya miezi mitatu, yenye kutaja namna atakavyoondoa majengo yake na kuvuna mazao yake. Na nakala yake ipelekwe kwa mkuu wa polisi wa eneo. Aliyepewa ilani ana ruhusa ya kwenda mahakamani. Ikiwa mvamizi anatendewa hivyo, je, mpangaji aliyelipa kodi yake?

Sheria ya Kenya haivuki mpaka kuja kwetu. Sisi tunayo Katiba yetu, isemayo kwamba mali ya mtu haiguswi ila kwa mujibu wa sheria, na kwamba makazi yake hayaingiliwi ovyo. Chukueni mfano wa mama mjane aliyekodi kipande cha ardhi kando ya barabara, akajenga kibanda cha mbao. Mbele anauza, nyuma analala na watoto. Kiwanja kinauzwa. Mmiliki mpya anafika na vijana wenye nyundo na mitaimbo, anampa siku tatu. Hati mkononi anayo, lakini hati hiyo haimpi ruhusa ya kubomoa. Kuvunja jengo lisilo lako ni kosa katika sheria ya adhabu ya 2018, na vijana waliokodishwa hushtakiwa pamoja na aliyewatuma.

Njia iliyo halali ni ndefu kidogo. Wahusika huanza kwa mazungumzo mbele ya kiongozi wa mudugudu. Yakishindikana, shauri hupelekwa kwa Abunzi wa kata, au mahakamani kwa kadiri ya thamani yake. Uamuzi ukishapigwa muhuri wa utekelezaji, anayeutekeleza ni mhesha wa inkiko. Polisi hufika kulinda usalama wa pande zote mbili. Hatuamui nani mwenye kiwanja, na afisa anayekuja kumhamisha mtu kwa kuwa jirani amemwomba tu, amekwenda nje ya kazi yake.

Tungependa hasa kusisitiza maandishi. Wengi hapa kwetu hukodi kiwanja kwa kupeana mikono, kwa kuwa ni marafiki. Andikeni muda wa kukodi, kodi, ilani ya miezi mingapi, na nani atachukua mbao na mabati siku ya kuhama. Kisha mashahidi watie sahihi. Tunzeni risiti za vifaa. Serikali ikitwaa ardhi kwa manufaa ya umma, sheria ya 2015 huthamini ardhi na pia majengo yaliyo juu yake, huongeza asilimia 5 kwa usumbufu, na hutaka fidia ilipwe ndani ya siku 120 tangu kuidhinishwa. Lakini kila mmoja hudai kwa ushahidi wake. Asiye na karatasi ni rahisi fidia yote iandikwe kwa mwenye hati.

Jambo moja tusilichanganye na haya. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko yaliua zaidi ya watu 130 katika Mikoa ya Magharibi na Kaskazini, na Nyundo yetu ilikuwamo. Ukiamriwa kuondoka bondeni kwa sababu ya hatari, ondoka kwanza, udai baadaye. Sebeya haisubiri ilani ya miezi mitatu.

Nyumba yako ikianza kubomolewa bila uamuzi wa mahakama au wa Abunzi, usipigane; piga 112 papo hapo, ukitaja kata na mudugudu. Ikiwa malalamiko yako ni juu ya afisa wetu mwenyewe, namba ni 3511. Simu zote mbili hazilipiwi.