SOMO LETU: KWA NINI MAJI HUKATIKA KUWA MATONE



Mgeni akifika nyumbani tunammiminia maji ya kunawa mikono. Siku nyingine mimina polepole, halafu uangalie. Karibu na jagi maji ni kama uzi wa kioo. Chini kidogo uzi unaanza kuwa na vifundo. Chini zaidi hakuna uzi tena, ni matone tu.

Tulipouliza katika kikundi kimoja, wengi walijibu, "Ni upepo." Upepo husaidia, lakini hata ndani ya nyumba iliyofungwa maji hukatika. Sababu iko katika maji yenyewe.

Uso wa maji hujivuta kama ngozi. Uzi wa maji ukiwa na mahali pembamba kidogo tu, ngozi hiyo hupabana zaidi, na maji hukimbilia upande mnene. Pembamba pazidi kuwa pembamba, mwisho panakatika. Joseph Plateau wa Ubelgiji alionyesha katika karne ya 19 kwamba uzi wa maji ukizidi urefu wa mara 3 hivi ya unene wake hauwezi kudumu. Mwaka 1879 Lord Rayleigh wa Uingereza alieleza kwamba vifundo vinavyokua haraka zaidi huachana kwa mara 4 na nusu ya unene wa uzi.

Jaribuni wenyewe

Chukueni jerikeni safi ya lita 5, iliyokatwa juu. Isiwe iliyowahi kuwekwa dawa! Toboeni chini tundu la milimita 2 kwa msumari. Iwekeni juu ya meza, tundu likitokeza nje ya ukingo, na besheni sakafuni. Jazeni maji kina cha sentimita 20.

Kwanza sikilizeni: matone yanapiga besheni ovyo ovyo. Sasa egemezeni redio kwenye jerikeni, mfungulie wimbo wenye sauti za kuvuta. Sauti fulani ikifika, uzi wa maji utafupika, matone yatashuka kwa mstari mmoja, na besheni litatoa mlio kama wa wimbo. Sauti ikibadilika, fujo inarudi. Felix Savart wa Ufaransa aliandika juu ya jambo hili mwaka 1833.

Kwa nini si kila sauti? Uzi huo una mwendo wake: hukatika karibu mara 250 hadi 300 kwa sekunde, sawa na sauti ya mwanamke akiimba. Sauti iliyo karibu na mwendo huo inayashika maji, yanaifuata. Iliyo mbali sana haiyashiki.

Ni kama risaga yetu. Kila mtu ana kasi yake ya jembe, lakini wimbo ukianza majembe yote hushuka pamoja. Wimbo ukiwa wa haraka kupita kiasi, kila mtu anarudia mwendo wake.

Viwandani hutumia ujuzi huu. Tarehe zinazochapwa kwenye chupa za soda mara nyingi huandikwa na uzi wa wino unaotikiswa ili ukatike kwa matone yaliyo sawa.

Inatuhusu nini shambani?

Pampu ya mgongoni nayo hukata maji kuwa matone. Nozeli hutandaza dawa kama utando, utando unachanika kuwa nyuzi, na nyuzi zinakatika. Ukipiga mkono wa pampu kwa nguvu halafu ukapumzika, presha inapanda na kushuka. Presha ikishuka, matone ni makubwa: yanateleza kwenye jani na dawa inaishia udongoni. Presha ikipanda mno, matone ni madogo kama ukungu.

Tone la sehemu moja ya kumi ya milimita huchukua kama sekunde 4 kuanguka mita 1. Upepo wa mita 2 kwa sekunde utakuwa umelibeba mita 8. Hapa Kisii na Nyamira mashamba yetu ni madogo na yako mteremkoni, na chemchemi ziko bondeni. Mita 8 ni kwa jirani. Ni kwenye sukuma wiki yake, au pale watoto wanapochota maji.

Kwa hivyo tukubaliane haya:

1. Piga mkono wa pampu kwa mapigo yaliyo sawa, ukifuatisha hatua zako. Chumba cha hewa ndani ya pampu hutuliza mapigo, lakini hakiwezi kumsaidia mtu anayepiga ovyo.
2. Nozeli ikiziba usiichokoe kwa waya, na usiipulize kwa mdomo. Tundu likiharibika matone hayatakuwa sawa tena. Ioshe kwa maji na brashi laini.
3. Pulizia asubuhi mapema. Alasiri upepo wa kutoka Ziwa Victoria huongezeka, na mvua huja.
4. Juu ya chemchemi acheni ukanda wa nyasi au napier usiopuliziwa dawa.

Maswali ya kujadili kikundini

- Nani kati yetu hupulizia dawa juu ya chemchemi? Tumewahi kuzungumza naye kwa upole?
- Nozeli za kikundi zilikaguliwa lini?
- Katika jaribio, ni sauti gani iliyoyashika maji?

Fanyeni jaribio hili watoto wakiwepo. Wao ndio wanaotumwa maji.